Alimvuta au Alimsukuma

Gatwiri na Rahema walianza kuwa marafiki siku waliyopigana kwenye foleni ya uji, wakiwa wanafunzi wa shule ya msingi mjini Meru. Walitumwa wote wawili kung'oa magugu nyuma ya vyoo, wakaenda wamenuniana, wakarudi wakicheka hata mwalimu akajuta kuwatuma pamoja. Sasa walikuwa wanawake wa miaka arobaini na kitu. Gatwiri alikuwa karani katika ofisi ya wakili, na kwa kukaa sana karibu na kesi za watu alikuwa ameacha kuamini jambo lolote lisilo na ushahidi. Rahema alikuwa na duka la mapazia pale Makutano. Yeye aliamini kila alichoambiwa, na hata kikithibitishwa kuwa uongo aliendelea kukiamini kidogo kwa sababu ya mazoea.

Mambo yalianzia kwenye redio. Alasiri moja ya Jumamosi Gatwiri alikuwa ameketi kwenye kibao dukani kwa Rahema, kama kawaida yake, mtangazaji akaanza kuzungumzia riwaya mpya iitwayo *Mzizi na Shoka*. Alisema ni riwaya ngumu, watu wanaianza kwa mbwembwe, wanafika ukurasa wa arobaini, kisha wanaitia chini ya godoro. Ilihusu marafiki wawili, Zena na Koleta, wanaopendana na kuchukiana maisha yao yote, na ilikuwa na sentensi ndefu, nyingine za kurasa mbili bila nukta.

"Hiyo mimi naisoma na kuimaliza," Gatwiri akasema.

Rahema alikuwa juu ya ngazi akitundika pazia. "Wewe? Wewe husinzia ukisoma risiti."

"Nitakusomea na wewe uisikie. Nitakuwa nakuelezea."

"Kwani mimi nina shida gani ya kuelewa?"

"Sijasema una shida. Nimesema nitakuelezea."

Rahema alishuka ngazini akibetua midomo. Lakini walipatana. Kitabu kiliagizwa Nairobi, na makubaliano yakawa kwamba watakisoma pamoja kwa sauti, kwa zamu, pale pale dukani, na hakuna atakayeruka wala kutangulia. Kwa kuwa nyumba ya Gatwiri ilikuwa ikivuja msimu huo, kitabu kikawa kinalala dukani, kwenye droo ya ndoano za mapazia.

Siku ya kwanza ilikuwa vita. Gatwiri alianza sentensi ya kwanza akiwa ameketi, akafika katikati yake akiwa amesimama, na kabla haijaisha alikuwa ameshika ukuta, uso umemwiva, akitafuta pumzi. Riungu, mwenye bucha jirani, alikuja mbio na kisu chake mkononi akidhani mtu ameshikwa na pumu.

"Ni kitabu tu, Riungu," Rahema akamwambia.

"Kitabu gani kinachinja watu hivyo?" Riungu akauliza. Akakaa kidogo kusikiliza, na tangu siku hiyo akawa anachungulia mlangoni kila akipata nafasi. "Hao wanawake wamepatana?" aliuliza. Wakimwambia bado, alitikisa kichwa na kurudi kwenye nyama yake.

Gatwiri alikuwa na tabia moja. Kila aya ilipoisha alikifunga kitabu, kidole kikiwa ndani, akasafisha koo na kusema, "Hapa mwandishi anamaanisha..." Kisha alieleza. Alieleza maana ya mti uliokatwa, maana ya kuku aliyekufa, na sababu ya Zena kumnunulia Koleta kiatu kisichomtosha. Rahema alimsikiliza akiitikia kwa kichwa, kama mteja anayetajiwa bei asiyokusudia kulipa.

Kisha, wiki zilipoanza kupita, jambo la ajabu likatokea. Rahema akawa nabii.

"Mimi naona huyu Koleta atarudi," alisema siku moja, akikunja kitambaa. "Tena atarudi na mimba."

Kurasa chache baadaye Koleta akarudi, na tumbo lilikuwa mbele yake. Gatwiri akamtazama mwenzake kwa mshangao. "Umejuaje?"

"Moyo tu."

Siku nyingine alisema Zena ndiye atakayeeneza uvumi utakaoifunga shule ya Koleta. Gatwiri akabisha. Zena alikuwa amekesha wiki nzima kando ya kitanda cha Koleta hospitalini, angewezaje kumfanyia hivyo? "Huna ushahidi," akasema. Jumamosi iliyofuata uvumi ukaenea na shule ikafungwa, na aliyeuanzisha alikuwa Zena.

Gatwiri alistaajabu sana. Hata alimwambia wakili wake kazini kwamba ana rafiki anayeuza mapazia ambaye angefaa kuwa profesa. Lakini jioni hiyo hiyo, nyumbani, chai ilimshinda kunywa. Yeye ndiye aliyesomea diploma. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma magazeti hadi matangazo ya tanzia. Na sasa alikuwa ameketi na kikombe kilichopoa akijiuliza ni tangu lini Rahema amekuwa akiona asivyoviona yeye. Hakupenda alichokuwa anahisi, lakini hakukiacha pia.

Ukweli ulitoka siku ya mvua. Wateja walikuwa wamekimbia na Gatwiri ndiye aliyekuwa na zamu ya kusoma. Katika ukurasa huo Zena amekuja kumtembelea Koleta baada ya kununiana kwa miezi. Koleta amepika viazi. Binti yake mdogo, Pendo, anacheza chini ya meza. Hakuna baya lolote.

"Pendo akakohoa mara moja," Gatwiri akasoma, "akaendelea kupanga vifuniko vyake vya soda."

Akasikia kwikwi. Alipoinua macho, Rahema alikuwa amejifunika uso kwa pazia la maua ya zambarau, mabega yanamtetemeka.

"Rahema?"

"Endelea tu."

"Unalia nini?"

"Hako katoto."

"Katoto kamefanya nini?"

"Kamekohoa."

Gatwiri akaurudia mstari ule kimyakimya. "Kamekohoa mara moja. Ni kikohozi tu. Hata Riungu hukohoa."

"Hako hakatapona!" Rahema akalia, kisha akajiziba mdomo kwa pazia. Alikuwa amechelewa.

Gatwiri akakifunga kitabu, safari hii bila kuacha kidole ndani.

"Umefika wapi?" Gatwiri akauliza taratibu.

"Wapi nini?"

"Kwenye kitabu. Umefika wapi?"

"Mwisho."

"Lini?"

Rahema akafuta macho. "Unauliza mara ya kwanza au ya pili?"

Gatwiri akasimama. "Koleta atarudi na mimba! Moyo tu! Moyo gani? Ulikuwa umeshasoma! Na mimi hapa nakushangaa kama mjinga. Nilimwambia mpaka wakili kuhusu wewe!"

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba una akili!"

"Kumbe hiyo ilikuwa habari ya kupeleka ofisini?"

"Usigeuze maneno. Tulikubaliana hakuna kutangulia."

"Tulikubaliana pia kusoma," Rahema akasema, na sasa machozi yalikuwa yamekauka. "Wewe husomi, unanifundisha. Hapa mwandishi anamaanisha, hapa mwandishi anamaanisha! Gatwiri, kuku akifa kwenye kitabu mimi najua amekufa kwa sababu!"

"Ungesema!"

"Ningesema saa ngapi? Wewe mwenyewe huna nukta, kama hicho kitabu!"

Riungu alikuwa amefika mlangoni. Akaangalia huku, akaangalia kule. "Wamekosana tena?" akauliza.

"Rudi kwa nyama yako!" wakamwambia wote wawili.

Gatwiri akachukua kitabu, akakitia ndani ya sweta. "Wewe ni Zena mtupu," akasema.

"Mimi? Zena ni wewe. Mimi ni Koleta, hata mtoto mdogo angeona."

Hilo ndilo lililomuuma Gatwiri zaidi ya yote alipokuwa akitembea kwenye mvua, kwa sababu tangu ukurasa wa kwanza alikuwa na hakika kabisa kwamba Koleta ni yeye.

Wiki hiyo alikuwa na likizo. Akaenda Manyatta, upande wa Embu, kwa dada yake Kajuju aliyeolewa huko na mkulima aitwaye Gitari. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, na mikono ilihitajika. Mchana alichuma, jioni mapema alikaa kwenye baraza na *Mzizi na Shoka*. Alidhani atasoma kwa amani. Lakini alipofika mahali Pendo anapofariki alilia hadi Kajuju akatoka jikoni na mwiko, na kutoka hapo ikabidi aeleze.

Alieleza kwa Kimeru, Kajuju akiziba mianya kwa Kiembu, kwa faida ya mama yake Gitari, aliyeitwa na wote Cucu Wanjugu, yaani bibi, ambaye masikio yake yalikuwa mazima na hakupenda kupitwa na neno. Kufikia katikati ya wiki nyumba nzima ilikuwa imeingia kitabuni. Gitari alimchukia Zena waziwazi na kumtukana akiwa juu ya ngazi ya kahawa. Kajuju alimtetea. Cucu alitaka kujua mashamba ya Koleta yako upande gani wa mto, na kama yana hati.

Kisha Gatwiri akafika mwisho.

Katika ukurasa wa mwisho Zena na Koleta, wazee sasa, wamesimama ukingoni mwa mto uliofurika. Wamekuja kuosha miguu kama walivyofanya utotoni. Udongo unateleza chini ya Koleta. Na Zena, anayesimulia, anasema: *Nikaunyoosha mkono wangu, na mkono ukafanya lile ulilokuwa ukilitaka tangu utotoni.* Basi. Baada ya hapo kuna karatasi nyeupe.

Gatwiri akageuza karatasi nyeupe. Akaangalia kama kurasa zimenyofoka. Akaisoma sentensi hiyo mara nyingi, kwanza kwa macho, kisha kwa sauti.

"Amemsukuma," Gitari akasema. "Tangu utotoni alitaka kumuua."

"Amemvuta," Kajuju akasema. "Tangu utotoni alitaka kumshika mkono, ila kiburi."

"Mwandishi anamaanisha..." Gatwiri akaanza, wote wakamgeukia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na la kumalizia.

"Si kuna yule rafiki yako aliyesoma?" Gitari akauliza. "Mpigie."

"Simpigii."

"Mpigie tujue!"

"Gitari, shemeji yangu, nakuheshimu sana. Simpigii."

Kajuju hakubishana. Alikuwa na namba ya Rahema kwa sababu mapazia ya sebule yake yalitoka kwake. Akatoa simu, akabonyeza, akaiweka kwenye spika juu ya gunia la kahawa.

"Mama Munyi!" sauti ya Rahema ikaja, imechangamka, ikimwita Kajuju kwa jina la mwanawe. "Habari za huko? Mapazia yamefifia?"

"Mapazia ni mazima. Hapa tuna swali. Zena alimvuta Koleta au alimsukuma?"

"Nani anauliza?"

"Mimi na mume wangu. Na Cucu."

"Na yule wa ofisi ya wakili anasema nini?"

Kajuju akamtazama dada yake, ambaye alikuwa ameinamia kahawa akiondoa majani yasiyokuwepo. "Hajasema."

"Hajasema?" Rahema alishindwa kuficha furaha. "Yeye? Basi mwambie alimvuta."

"Mwambie hana ushahidi," Gatwiri akasema kwa gunia.

"Nimesikia. Mwambie ushahidi uko pale wakiwa wadogo, kwenye foleni ya maji, Zena anaposema anatamani kumshika Koleta mkono lakini mkono wa Koleta ni msafi kuliko wake."

"Mwambie pale pale, mstari wa chini, Zena anasema anatamani kuuchafua."

"Kuuchafua si kuua!"

"Na kushika si kuokoa! Unaweza kumshika mtu ndiyo umsukume vizuri!"

"Sasa hapo unasema kweli," Rahema akasema, na sauti yake ikabadilika. "Hilo sikuwa nimelifikiria."

Gitari, Kajuju na Cucu walikuwa wameacha kupumua. Gatwiri akaichukua simu kutoka kwenye gunia, ingawa spika aliisahau ikiwa wazi.

"Kwa nini ulitangulia, Rahema?"

"Kwa sababu wewe uko mbele siku zote. Shuleni mbele, ofisini mbele. Mimi nikifungua duka unanieleza duka. Nilitaka mara moja tu nikusubiri mahali, nikuone ukija."

Gatwiri akasema kwa haraka, kama anayemeza dawa, "Nilikuonea wivu. Ulipokuwa unabahatisha kila kitu. Nilishindwa kunywa chai."

"Ulifanya nini?"

"Umesikia."

"Sijasikia. Mtandao. Rudia."

"Nilikuonea wivu!"

"Mama Munyi, umesikia?" Rahema akapaaza sauti. "Wewe na mume wako ni mashahidi! Gatwiri amenionea wivu, mimi, wa mapazia!" Alicheka hadi akakohoa, na walioketi barazani waliposikia kikohozi wakapigwa na hofu kidogo, kisha nao wakacheka.

Jumapili Rahema akaja Manyatta. Hakuwa na sababu nyingine ya kuja isipokuwa ile sentensi. Alimsalimu Cucu kwa heshima, akanywa chai, na kabla kikombe hakijaisha mabishano yalikuwa yamewaka upya. Gitari akatoa wazo: chini ya shamba kuna kijito, na ukingo wake unateleza vizuri sana. Waende wakajaribu kwa vitendo. Wakaenda wote, Cucu akiongoza na bakora yake.

Kwanza wakabishana nani awe Zena. Kila mmoja alitaka kuwa Koleta.

"Wewe ndiye mwenye kunyoosha mkono," Rahema akasema. "Mimi niliteleza kwanza, nilipotangulia kitabuni."

Rahema akavua viatu, akakusanya buibui mkononi, akasimama ukingoni na kuanza kuteleza kwa kuigiza. Bahati mbaya ukingo haukujua kwamba ni maigizo. Udongo ukamwachia kweli, akapiga ukelele, Gatwiri akarusha mkono. Wengine wanasema aliukamata mkono wa Rahema. Wengine wanasema aligonga bega lake. Kilichojulikana kwa hakika ni kwamba wote wawili walitua ndani ya kijito kwa makalio, maji yakiwafika kiunoni.

"Amemsukuma!" Gitari akapiga kelele kwa ushindi.

"Alikuwa anamvuta, huoni?" Kajuju akajibu.

Cucu Wanjugu hakutoa uamuzi. Alikuwa ameketi kwenye nyasi, anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka.

"Ulinivuta?" Rahema akauliza, akitema maji.

"Nilitaka," Gatwiri akasema. Akafikiria kidogo kwa sababu alikuwa mtu wa ukweli. "Mwanzoni."

Rahema akamrushia maji usoni, naye akarudisha, wakakaa humo wakimwagiana hadi Kajuju akawaita kama watoto.

Baadaye, wamevaa nguo za Kajuju zilizomkaa Gatwiri vizuri na kumbana Rahema kila mahali, waliketi mezani. Kulikuwa na mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi, na katikati kulikuwa na bakuli la kuku wa mchuzi. Rahema akajipakulia mukimo peke yake.

"Chukua nyama," Kajuju akasema.

"Hii inanitosha, Mama Munyi. Nimeshiba maji ya mto."

Kajuju akaelewa. "Huyo kuku amechinjwa na Mahmood, wa pale sokoni," akasema. "Huyu dada yangu ametoka asubuhi na mapema na kuku kwapani kumpelekea. Akamponyoka barabarani. Watu waliokuwa wanaenda kanisani wakasimama kumwangalia akimfukuza."

"Mama Munyi, nyamaza," Gatwiri akasema.

Rahema akaweka kijiko chini. "Ulifukuza kuku? Wewe? Mbele ya watu?"

"Alikuwa na mbio."

"Na hivi viatu vya ofisini?"

"Rahema, kula."

Rahema akalivuta bakuli, akachagua paja, na kabla Gatwiri hajavuta kiti chake vizuri akachukua na la pili.